Ubeti wa Baridi

Serikali ilipotangaza kwamba watu wa upande wetu wa Sydney wasiende zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani kununua mahitaji, Mama Dévote alicheka mpaka barakoa ikamshuka puani.

"Kambini ilikuwa kilomita nne," akasema. "Hapa ni tano. Franchement, kusema kweli, nimepanda cheo."

Alikuwa amesimama kwenye meza yake, ya tatu kutoka mlangoni, katika kiwanda cha magodoro pale Smithfield. Amevaa kizibao cha rangi ya kung'aa juu ya kitenge, na kitenge juu ya suruali ya kiwanda, kwa sababu alishawaambia wakubwa kwamba kwao suruali peke yake ni nguo ya ndani. Ilikuwa Agosti 2021. Mimi nilikuwa meza ya nne, nakata sponji, na ndiyo maana naweza kusimulia habari zake bila kumuuliza mtu.

Mwanamke mwenyewe ni Mrundi wa Makamba. Alikaa miaka kumi na moja katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, halafu mwaka 2007 akapanda ndege tatu mfululizo na watoto watano na sufuria moja aliyokataa kuiacha. Maofisa wa uwanja wa ndege waliipekua ile sufuria kama bomu. Anayo mpaka leo. Anakaa Fairfield, karibu na stesheni, ghorofa ya pili, na watoto wake wanaelewa Kiswahili chote lakini wanajibu kwa Kiingereza. Yeye hujifanya kiziwi mpaka warudie. Mwanawe wa mwisho aliwahi kusimama jikoni dakika nzima akitafuta neno la "ufunguo", njaa inamuuma, chakula kimefungiwa kabatini, na mama mtu anaangalia dirishani anapiga miluzi.

Kuhusu Smithfield hakuna mengi ya kusifu. Ni mabati, malori, vyuma, harufu ya mkate kutoka kiwanda kimoja na harufu ya rangi kutoka cha jirani, zikikutana katikati ya barabara na kugombana. Watu wa fukwe za mashariki wanaijua Smithfield kama unavyolijua figo lako: unalo, linakufanyia kazi, na hujawahi kuliona. Lakini mwaka ule, wakati ofisi zote za mjini zimefungwa na watu wanafanya mikutano kwa kompyuta wamevaa shati juu na pajama chini, Smithfield haikusimama hata siku moja. Mkate lazima uokwe. Na hospitali zilikuwa zinataka magodoro kuliko wakati wowote.

Sasa sikiliza jinsi godoro la hospitali linavyotengenezwa, maana bila hilo hutaelewa kitu.

Lina tabaka tatu za sponji. Unapuliza gundi, unasubiri, unabandika, kisha unalivalisha gamba la plastiki lenye zipu. Siri yote iko kwenye kusubiri. Ukibandika mapema, gundi bado maji, tabaka zinateleza. Ukiwahi kidogo tu, zinashikana juu juu, zinakudanganya, zinatoka mlangoni zimenyooka, na wiki mbili baadaye mgonjwa analala juu ya kitu kilichofunuka kama kitabu. Na kwenye kusubiri huko huwezi kutazama saa. Macho yako yako kwenye sponji, mikono yote miwili imeshika, miwani ya usalama imejaa ukungu.

Meza ya Mama Dévote ilisubiri kwa kuimba.

Wimbo wenyewe aliutoa kambini, bombani. Maji yalikuwa machache, wanawake wengi, na ugomvi ulikuwa kila asubuhi, ndoo zinaruka. Basi wakakubaliana: kila mwanamke akinge maji kwa urefu wa beti mbili, wote wakiimba pamoja, ili asiwepo wa kuiba ubeti. Kiangazi, bomba likitoa maji kidogo kidogo, wanaongeza wa tatu. Huo ndio wimbo aliouleta Smithfield:

*Mkeka wangu niliutandika,*
*nani ameukalia?*
*Asimame, asimame,*
*mwenye mkeka amefika.*

Kila ubeti ni sekunde ishirini. Niliupima kwa simu mara kumi nikitafuta kosa, nikakata tamaa. Joto likiwepo, beti mbili, na kwenye "amefika" ya pili wote wanabandika kwa mpigo, pah! Baridi ikija, wanaongeza ubeti wa tatu, ule wa njia yenye matope. Asubuhi anagusa gundi kwa mgongo wa kidole, anatazama mlangoni, anasema, "Leo tatu." Au, "Leo mbili." Hakuna anayebisha. Kushoto kwake alikuwa Généreuse, Mkongo wa Bukavu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kulia alikuwa Bi Lan, Mvietnamu, umri wa mama yangu, ambaye hajui Kiswahili hata cha kuomba chumvi, lakini wimbo huo alikuwa anauimba wote, herufi kwa herufi, na "asimame" yake ilikuwa na hasira kuliko ya mtu yeyote.

Meza hiyo, tangu Januari mpaka Juni, haikurudishiwa godoro hata moja.

Halafu nikaja mimi na elimu yangu.

Mwisho wa Juni mji ulifungwa. Kiwanda kikaambiwa kijaze fomu za hatari za ugonjwa, na msimamizi wetu, Mwangi, Mkenya wa Nyeri, mtu mwema anayeogopa karatasi kuliko simba, akanijia meza ya nne.

"Buda, wewe si ulisomea hii mambo ya safety?"

Nilisomea nusu. Diploma ya usalama kazini ina nusu mbili. Nusu ya kwanza, niliyomaliza, inafundisha kujaza fomu. Nusu ya pili, niliyoiacha, nadhani inafundisha kufikiri. Nilikaa na ile fomu saa ya chakula, nimekunja nne, kalamu sikioni, najisikia daktari. Hatari ya kwanza: kushikana mikono. Ya pili: kukaa karibu kwenye chumba cha chai. Ya tatu, na hapa nilijiona nimewazidi wote akili, maana nilikuwa nimesoma kwamba makanisa yamekatazwa kuimba: *kuimba mezani. Kiwango cha hatari: juu sana.*

Mwangi alisoma, akanipiga bega. "Wewe ni mkali."

Kesho yake kwenye kila meza kulikuwa na tangazo, na kwenye meza ya tatu, badala ya wimbo, kulikuwa na saa ndogo ya njano, ya zile za kuchemshia mayai, imetegwa sekunde arobaini kama ilivyoandikwa kwenye pipa la gundi.

Mama Dévote aliitazama. Akanitazama. Alishajua.

"Wewe, Diploma."

"Naam, mama."

"Hii fomu ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, lakini nilikuwa nafikiria afya ya..."

"Donc, kwa hiyo, nusu ya diploma inatosha kufunga midomo ya wanawake watatu. Ungemaliza yote, tungepumua sisi?"

Généreuse alicheka. Bi Lan hakuelewa, akacheka pia, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kwenye fomu hiyo hiyo nilikuwa nimeandika jambo jingine: milango mikubwa ya chuma ibaki wazi kutwa nzima, hewa ipite. Hilo lilikuwa sahihi. Ila ilikuwa Julai, na Julai ya Smithfield ikiingia kiwandani saa moja asubuhi inakushika mbavu. Siku ya pili tu, Mama Dévote aligusa gundi kwa mgongo wa kidole.

"Mwangi, mwanangu. Arobaini haitoshi. Gundi iko na baridi. Inataka ubeti ya tatu."

"Mathee, hakuna ubeti. Kuna timer. Form imesema."

"Form imegusa gundi?"

"Mathee, please. Mimi pia niko na wakubwa."

Basi saa ya njano ikalia tii-tii-tii, wakabandika. Kila sekunde arobaini, tii-tii-tii, kutwa. Ilikuwa kama kufanya kazi jikoni kwa mtu mwingine.

Ni wakati huo watu wa Fairfield waliambiwa kwamba anayevuka mpaka wa halmashauri kwenda kazini lazima apimwe pua kila siku ya tatu. Kiwanda chetu kiko ng'ambo ya barabara iliyo mpaka wenyewe. Unasimama Fairfield, unatema mate, yanaanguka halmashauri nyingine. Mimi ninayekaa Seven Hills, nje ya Fairfield, nilisalimika, lakini Mama Dévote na wenzake walikuwa wanatoka zamu saa nane mchana na kuingia foleni ya magari iliyozunguka mitaa mitatu, kwa muda wa saa nne, hata tano, wamekaa na bakuli la wali mapajani. Mwangi, ambaye naye anakaa Fairfield, alikuwa anakwenda asubuhi. Kwa hiyo kila siku ya tatu, mpaka saa nne asubuhi, kiwandani hakukuwa na msimamizi.

Hilo la kutokuwa na msimamizi liweke kando, nitalirudia.

Agosti ikaja na helikopta juu, wanajeshi barabarani, askari wa farasi sokoni. Siku moja baada ya zamu nilimsindikiza Mama Dévote mpaka dukani, na tukirudi, mahindi kilo tano begani kwangu, tukasimamishwa na askari mmoja kijana, mpole tu, juu ya farasi mkubwa. Akaomba kibali. Mama akachomoa karatasi kwenye kitenge, imekunjwa mara nane, akamfungulia polepole, kunjo moja moja, huku akimtazama farasi.

"Mwambie," akaniambia kwa Kiswahili, ingawa Kiingereza anakijua vya kutosha, akikasirika huwa hakitumii, "mwambie mimi nilikuwa naonyesha kibali cha kwenda kutafuta kuni kabla yeye hajazaliwa. Miaka kumi na moja. Kibali yangu haijawahi kuwa na kosa. Na umwambie farasi yake hajavaa barakoa."

Nilitafsiri sehemu ya farasi tu. Kijana alicheka, akamrudishia karatasi, akamwita "madam". Mama Dévote alitembea mpaka kwake kichwa juu kama aliyekagua gwaride.

Mwisho wa Agosti magodoro yakaanza kurudi.

Kwanza manne. Halafu tisa. Lori linaingia, badala ya kupakia linapakua. Unafungua zipu, tabaka zimeachana, zinapiga miayo. Yote ya meza ya tatu, maana meza nyingine zilikuwa zinatengeneza magodoro ya watu wa kawaida, ambao bado walikuwa hawajalalamika. Bosi, mzee mwenye kiwanda, akashuka kutoka ofisini kwa mara ya kwanza tangu lokdauni, akayatazama, akapanda tena.

Barua ya kwanza ya onyo aliyopewa Mama Dévote ilikuwa ya kuimba: kuna mtu alimsikia anavumisha wimbo puani. Mama Dévote aliuliza kama kuvumisha ni kuimba, na Mwangi akapeleka swali ofisini, na ofisi ikalijadili, naapa, siku mbili. Barua ya pili ilikuwa ya yale manne na tisa. Huko kwetu kiwandani barua ya tatu ndiyo ya kukuonyesha mlango. Na siku ya mwisho ya wiki, katikati ya Septemba, magodoro yaliyorudi yakiwa yamefika thelathini na moja, yamepangwa uani chini ya turubai, Mwangi akaja meza ya nne bila kunitazama usoni.

"Bosi anataka mtafsiri. Saa tano. Ya Mathee."

"Barua?"

"Ya tatu." Akasugua shingo. "Buda, hiyo form yako..."

"Najua."

"Wacha tu."

Miaka kumi na mbili ya Mama Dévote kwenye meza ile. Miaka hamsini na mbili ya umri. Nani mwingine Smithfield angemchukua, katika mwaka ambao hata kubisha mlango wa mtu ni kosa? Nilimtazama. Alikuwa anabandika kwa saa ya njano, mabega yamenyooka. Na ndipo nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona kwa wiki nyingi bila kukiona: mguu wake wa kulia. Saa ilipolia, mguu ulikuwa bado unapiga sakafu, taratibu, tap, tap. Ulikuwa haujamaliza.

Ofisini tulikaa mita moja na nusu mmoja na mwingine, kama watu waliokosana. Bosi nyuma ya kioo cha plastiki. Barua mezani, kalamu juu yake.

"Mwambie," bosi akasema, "hii si adhabu. Ni utaratibu."

Nikatafsiri.

"Mwambie adhabu yote nilipewa maishani ilikuwa utaratibu."

Nikatafsiri hiyo pia. Bosi akakohoa. Siku zile kukohoa kulikuwa jambo zito; sote tulirudi nyuma kidogo.

"Mwambie inasema kwamba hakufuata saa, kwamba magodoro thelathini na moja yameharibika kwa uzembe wake, na kwamba akitia sahihi ataondoka na barua nzuri ya kumsaidia kupata kazi kwingine. Asipotia, ataondoka bila barua."

Nilipofika kwenye neno "uzembe" nilianza kutafuta neno laini zaidi. Yeye akanisaidia.

"Sema tu, mwanangu. Uzembe. Nimelisikia."

Kisha akavuta kiti karibu na meza, akaichukua barua, akaisogeza kalamu pembeni kwa kidole kimoja kama anayeondoa mfupa wa samaki. Akapeleka mkono kwenye ukosi wa kizibao. Kumbe kulikuwa na sindano imechomekwa hapo, na uzi mwekundu tayari tunduni. Akaichoma barua. Mbele ya bosi, polepole, akashona chini kabisa, kwenye mstari wa sahihi: mshono mmoja hivi, wa pili hivi, wa tatu ukiikata yote miwili. Akafunga fundo. Akashusha barakoa, akakata uzi kwa meno, akaipandisha.

"Hiyo ndiyo sahihi yangu," akasema, na safari hii kwa Kiingereza, bila mtafsiri. "Now we go outside. You open the mattress."

Bosi aliniangalia. Mwangi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliniangalia. Mimi nikafungua mlango.

Njiani kwenda uani Mama Dévote alinieleza, kwa sauti ya kumsikilizisha kila mtu, na mimi nikawa nageuza kwa Kiingereza nyuma yake nikikimbia. Siku ambazo Mwangi alikuwa kwenye foleni ya pua, meza ya tatu haikufuata saa. Waliiacha ilie. Walisubiri ubeti wa tatu uishe, kimya, kwa mguu wake. Généreuse na Bi Lan walikuwa wanautazama mguu. Na kila godoro walilolibandika hivyo, kabla halijavalishwa gamba, alilishona uzi mwekundu kwenye kona ya chini.

"Kwa nini hukuniambia, Mathee?" Mwangi akauliza.

"Nilikuambia. Ulisema form imesema." Akaendelea kutembea. "Hayo mengine niliyatia kwenye lori nikiona haya mbele ya Mungu, kwa sababu kuna mgonjwa atalalia. Lakini yale ya ubeti ni yangu. Kitu yangu naijua. Ikirudi hata moja kwa gundi, nitatia sahihi na kalamu yenu."

Turubai likaondolewa. Tukaanza kufungua zipu, Mwangi upande huu, mimi upande ule, bosi amesimama mikono mfukoni. La kwanza: limeachana, kona haina uzi. La pili: hivyo hivyo. La tano. La kumi. Watu wa meza zote wakaanza kutoka mlangoni, mmoja mmoja, wamejipanga kwa umbali, barakoa zinacheza kwa pumzi. La kumi na nane, hakuna uzi.

La kumi na tisa, Mwangi akavuta zipu nusu, ikagoma. Akaingiza mkono ndani. Akasimama.

"Iko na thread," akasema, chini chini.

Hata harufu za Smithfield zilisimama. Bosi akatoa mikono mfukoni. Généreuse akashika kichwa. Mama Dévote alisogea, hakuharakisha, akapiga goti kwenye zege, akaipasua ile zipu mbovu kwa mikono yake kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akalitoa godoro nje kama anayetoa mtoto kwenye nguo. Uzi mwekundu kwenye kona, mishono mitatu. Akashika tabaka la juu kwa mkono mmoja, la kati kwa mwingine, akavuta. Akavuta tena, mishipa ya shingo imetoka. Sponji yenyewe ikachanika pembeni. Gundi haikuachia.

"Karatasi," akaniambia. "Soma karatasi."

Kwenye gamba kulikuwa na kikaratasi cha waliolirudisha. Nikasoma kwa Kiingereza, kisha Kiswahili, kwa sauti: *zipu imeharibika.*

"Zipu," akarudia. "Zipu si mimi. Zipu inatoka kwa mtu ya zipu." Akasimama, akapangusa magoti, na bado alikuwa amekasirika, amekasirikia zipu, kwamba kitu chake kimerudi kwa fedheha ya mwingine. "Endeleeni. Mbona mmesimama?"

Tuliendelea mpaka la thelathini na moja. Uzi mwekundu haukuonekana tena. Mwangi akachomoa simu, akapekua daftari la lori, akahesabu asubuhi zake za foleni: magodoro yaliyotoka asubuhi hizo yalikuwa zaidi ya mia, na ukiondoa hilo la zipu yote yako hospitalini, yamelaliwa, kimya.

Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye pipa la gundi. Nilipaswa kwenda pale Julai. Sekunde arobaini, imeandikwa kwa herufi kubwa. Na chini yake, kwa herufi kama mayai ya chawa: *katika nyuzi joto ishirini na mbili.* Kipimo cha ukutani, pale pale juu ya pipa, kilikuwa kinasema kumi na moja. Nikarudi nikawasomea wote, hata sehemu inayonihusu.

Mama Dévote alinisikiliza mpaka mwisho. "Diploma," akasema, "hiyo ilikuwa kwenye nusu ya pili?"

Bosi alikuna kidevu juu ya barakoa. Akasema sawa, barua anaifuta, na saa itategwa sekunde sitini. Alidhani amemaliza. Alishageuka.

"No," Mama Dévote akasema.

Akageuka tena.

"Mwambie," akanirudia mimi, "sitini ni ya leo. Jumatatu jua likitoka? Mvua ikinyesha? Mlango ukifungwa? Atakuwa anashuka kila asubuhi yeye mwenyewe kugusa gundi? Kama atashuka, karibu, nitamfundisha, ndani ya miaka miwili atajua. Kama hatashuka, saa aipeleke kwake achemshe mayai."

Nilitafsiri yote. Sikupunguza hata yai. Bosi aliangalia uani, magodoro thelathini yamepanua midomo, watu arobaini wamesimama kwa umbali wa kisheria, hakuna anayerudi ndani. Akasema lazima afuate fomu ya afya, kuimba kumeandikwa hatari ya juu sana.

"Aliyeandika yuko hapa," Mama Dévote akasema, bila kunionyesha kidole. Hakukuwa na haja.

Nikasema fomu ilikuwa na makosa. Nikasema nitaiandika upya leo: meza ya tatu wako karibu na mlango, upepo unawapiga, wamevaa barakoa, wataimba kwa sauti ya chini. Nilisema mengi. Bosi hakusema ndiyo. Alisema, "Rudini kazini," akapanda ngazi.

Jumatatu asubuhi ilikuwa baridi. Saa ya njano bado ilikuwa mezani, imetegwa sitini, hakuna aliyeiondoa. Mama Dévote aliigeuza chali, ikalia kidogo kama mende, ikanyamaza. Akagusa gundi kwa mgongo wa kidole. Akatazama mlangoni.

"Leo tatu."

Akapuliza. Na akaanza, si kwa sauti ya chini niliyoiahidi, bali kwa sauti yake yote, barakoa inaingia mdomoni na kutoka. *Mkeka wangu niliutandika.* Généreuse akadaka. Bi Lan akadaka. Meza ya tano ikadaka, watu ambao hawakuwahi kuimba maishani. Juu, kwenye dirisha la ofisi, pazia liliteremka.

Mwangi alikuja mbio kutoka chumba cha karatasi, barua mkononi. Alikuwa anajaribu kuipitisha kwenye mashine ya kunakili, maana hata barua iliyofutwa lazima iwekwe kwenye faili na muhuri wa kufutwa. Fundo la uzi mwekundu lilikuwa limenasa ndani mpaka akalichomoa kwa nguvu. Mashine nzima imegoma, inawaka taa.

"Mathee! Hii thread yako imeua machine!"

Mama Dévote hakukatiza. Alikuwa kwenye matope, ubeti wa tatu, na huo haukatizwi. *Asimame, asimame.* Walibandika, pah! Ndipo akamgeukia.

"Unasema?"

Mwangi alitazama tangazo langu mezani. Akatazama dirisha lenye pazia. Akaikunja barua na uzi wake, mara mbili, akaisukuma mfuko wa nyuma.

"Sijasema kitu," akasema. "Na sijaskia kitu."

"Vizuri. Shika kona hiyo basi, Généreuse anataka kufunga kilemba chake."

Akashika kona.